Poda iliyovunjika mara mbili: uchambuzi wa kisa kimoja cha kikasha cha vipodozi

Kikasha chenyewe kina vyumba viwili. Kushoto kuna poda ya uso, kahawia iliyokolea. Kulia kuna hailaita, ile poda ya kumetameta inayopakwa juu ya mashavu. Kilidondoka kutoka ukingo wa sinki hadi kwenye vigae vya sakafu, kifuniko kikiwa wazi. Poda ya uso ilikatika mapande makubwa na vipande vidogo vingi, hailaita ikapasuka katikati na kumomonyoka pembeni. Mwenye kikasha ni binamu yangu mdogo, na kabla ya kuniletea alikuwa ameshajaribu kukitengeneza mwenyewe kwa maelekezo yale yanayozunguka kila mahali: mimina spiriti, bonyeza, acha ikauke. Kwa hiyo kilichonifikia kilikuwa na majeraha mawili, la kuanguka na la tiba.

Jeraha la pili ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu. Kazi yangu ni kupamba watu, na poda zilizovunjika naziona mara kwa mara. Nyingi hazifi kwa kuanguka. Hufa baadaye, mikononi mwa mtu mwenye nia njema aliyepewa hatua za kufuata bila kuambiwa kila hatua inafanya nini. Katika maelekezo yale matatu hakuna hata moja lililo la uongo. Kinachokosekana ni jambo moja tu: spiriti haigandishi chochote. Si gundi. Inaingia, inasaidia chembe zisogeleane, kisha inaondoka yote. Anayelielewa hili hahitaji kupimiwa matone. Atajua mwenyewe pa kutosha na pa kuacha.

Hali kilipofika

Nilianza na kioo, kabla hata ya kuigusa poda. Kioo kikipasuka ndani ya kikasha, kazi inaishia hapo hapo. Vumbi la kioo halionekani ndani ya poda, haliondoki kwa kuchekecha, na linakwenda usoni, karibu kabisa na macho. Hapo sijadiliani na mtu: kikasha chote kinafungwa ndani ya mfuko na kutupwa. Hiki kilikuwa kizima. Nilipitisha kidole chenye glavu ukingoni mwote na sikuona ufa wala pengo.

Kisha umri. Nyuma ya kikasha palikuwa na kile kialama cha kopo lililofunguliwa lenye maandishi 24M, yaani miezi 24 tangu siku ya kwanza kutumika. Binamu alikuwa na hakika kwamba hajafikisha hata mwaka mmoja. Nilimuuliza pia kama katika kipindi hicho aliugua macho, au alikuwa na chunusi zenye usaha, au alimwazima mtu. Alijibu hapana kwa yote matatu. Angejibu ndiyo kwa lolote, ningemwambia aiache. Watu hudhani spiriti inaisafisha poda kabisa. Inaua bakteria wengi, lakini mbegu za baadhi ya bakteria, zile zenye gamba gumu, huhimili spiriti bila taabu. Kutengeneza poda na kuua vijidudu vyake ni kazi mbili tofauti, na nyumbani tunaweza moja tu.

Sasa poda yenyewe. Upande wa kushoto ulikuwa umegeuka bamba gumu lililonyanyuka kingoni, lenye nyufa zilizokutana kama za tope la shamba lililopigwa na jua. Rangi ya juu ilikuwa imekolea na kung'aa kidogo. Nilipopitisha brashi, haikutoka na kitu. Nilipokwangua kwa ncha ya kijiko, chini ya ile ngozi ngumu nilikuta unga uliolegea kabisa, mkavu, haujashikana hata kidogo. Juu jiwe, chini vumbi. Hii ndiyo sura ya tiba iliyokwenda kombo, na kila ninapoiona najua takriban kilichofanyika.

Upande wa kulia ulikuwa umerushiwa matone machache tu. Hailaita ilibaki na mpasuko wake wa awali.

Kinachoishikilia poda

Ili kuisoma hali hiyo inabidi turudi kiwandani kidogo. Poda ya aina hii hutengenezwa kwa unga wa madini, mara nyingi talki na maika, ukichanganywa na rangi ambazo karibu zote ni oksidi za chuma: nyekundu, njano na nyeusi. Dioksidi ya titani huongezwa kwa weupe na kuficha. Unga huo peke yake haushikani vizuri, ndiyo maana huongezewa viunganishi. Viunganishi vikavu, kama stearati ya zinki au ya magnesiamu, huteleza na kujibana kati ya chembe zinapogandamizwa. Viunganishi vya majimaji ni mafuta kidogo sana, kama dimetikoni au mengine mepesi, yanayofunika kila chembe kwa utando mwembamba. Mchanganyiko huchekechwa, humiminwa ndani ya kisahani cha chuma, kisha mashine huushindilia kwa nguvu ambayo mkono wa mtu hauwezi kuikaribia. Ile chapa ya kitambaa unayoiona juu ya poda mpya imetokana na kitambaa kinachowekwa kati ya poda na nyundo ya mashine.

Kwa hiyo kinachoishikilia poda ni ukaribu. Chembe zimesukumwa pamoja kiasi kwamba utando ule mdogo wa mafuta unatosha kuzifunga. Kikasha kinapoanguka, ukaribu ule unakatika mahali fulani, lakini mafuta hayajaenda popote. Bado yamo juu ya chembe zote. Hii ndiyo habari njema kwa aliyevunja poda. Viungo vyote bado vipo, umbali tu ndio umebadilika.

Kuna njia nyingine ya kiwandani inayofanana zaidi na tunachofanya nyumbani. Badala ya kushindilia unga mkavu, unga huchanganywa na kimiminika kinachokauka upesi hadi uwe rojo, rojo hujazwa ndani ya kisahani, kisha kimiminika hufyonzwa kwa mashine ya kuvuta hewa na kumaliziwa kwa kukaushwa taratibu. Nikiitengeneza poda kwa spiriti, ninaiga njia hiyo; tishu ndiyo mashine yangu ya kufyonza. Maelekezo mengi yanaitaja tishu kama kitu cha kuzuia mkono usichafuke. Si hivyo. Tishu ndiyo nusu ya kazi.

Tiba ya kwanza ilikosea wapi

Nilimwomba binamu anieleze alichofanya, bila kumlaumu, maana alifuata alichoambiwa. Alimimina spiriti ya kwenye sanduku la huduma ya kwanza moja kwa moja juu ya vipande, hadi vikalowa. Akabonyeza kwa kidole kilichofungwa karatasi ya nailoni ili uso ukae sawa. Kisha akakiweka dirishani juani kikauke haraka.

Spiriti yenyewe haikuwa na kosa. Lebo ilisema alkoholi ya isopropili asilimia 70 na maji, basi. Kosa la kwanza lilikuwa kulowesha vipande bila kuvisaga. Kipande kizima kikilowa hakiungani na jirani yake. Vinagusana tu, na spiriti ikiondoka vinabaki vipande viwili vilivyokaa karibu. La pili ni wingi. Poda iliyolowa chepechepe huvimba, na inapokauka hujikunja; kadiri ilivyonywa spiriti nyingi ndivyo inavyojikunja zaidi, na kujikunja huko ndiko kulikozaa nyufa na kunyanyua kingo.

Jua lilimalizia. Spiriti ilipaa kutoka juu kwa kasi, ile ya chini ikapanda kuifuata, na katika kupanda ikabeba mafuta iliyoyayeyusha: viunganishi vya poda pamoja na mafuta ya ngozi yaliyokuwa yamejikusanya kwa miezi ya kupakia. Spiriti ikaondoka, mafuta yakabaki juu. Ndiyo ile ngozi ngumu inayong'aa. Huku chini, unga ulionyang'anywa viunganishi vyake ukabaki hauna cha kuushika. Na nailoni, tofauti na tishu, haikunyonya hata tone. Iliifungia spiriti ndani.

Haya yote yanarekebishika, kwa sababu mafuta yale bado yalikuwa ndani ya kisahani. Yalikuwa tu yamehamia mahali pamoja.

Kupima kama inafaa

Binamu alikuwa amelitunza boksi la kikasha, na hilo lilinipa cha kusoma. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia, hadi kufikia vile vilivyo chini ya asilimia 1 ambavyo huruhusiwa kuchanganywa. Rangi huja mwishoni kwa namba: CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, CI 77891 ni dioksidi ya titani. Poda ya uso ilianza na talki, ikafuata maika, stearati ya zinki, dimetikoni. Hiyo ni poda ya kawaida kabisa na hukubali spiriti vizuri.

Orodha ingeanza na nta au mafuta, ningesita. Zipo fandesheni zinazoonekana kama poda lakini ni krimu iliyokauka. Spiriti huyayeyusha mafuta yake na kuyatenganisha na rangi, na matokeo ni mabaka. Orodha ingeanza na wanga, ningekuwa mkali zaidi kuhusu maji, kwa kuwa wanga ukilowa maji huvimba na huwa chakula cha vijidudu. Poda zilizookwa, zile zinazokaa kama kuba juu ya kigae kidogo badala ya kisahani cha chuma, hurudi kwa shida sana na huwa bapa. Zile zenye michoro ya rangi nyingi hurudi zikiwa na rangi moja, mchanganyiko wa zote. Mtu aambiwe mapema.

Kabla ya kuendelea niseme neno kuhusu chupa, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Jeli ya kutakasa mikono haifai, hata kama asilimia ya alkoholi inapendeza: ina glisirini na kitu cha kuifanya ivute, na vyote viwili hubaki ndani ya poda milele. Baadhi ya spiriti za hospitali zina mafuta ya mbarika na viungo vya harufu, soma lebo. Spiriti ya kuwashia jiko, ile yenye rangi, isiguse kitu kinachokwenda usoni, maana inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Na maji, maji ya waridi, mate, vyote hapana. Poda inadumu muda mrefu kwa sababu ni kavu. Ukiinywesha maji umeufungulia mlango uozo.

Asilimia 70 inatosha, ila ina tabia yake. Alkoholi hutangulia kupaa na maji hubaki nyuma, hivyo poda inaweza kuhisiwa kavu juu ilhali chini bado ina unyevu. Ya asilimia 90 na zaidi hukauka upesi na hulowesha chembe vizuri zaidi, hasa kwenye poda zilizopakwa silikoni ambazo hukataa maji. Kwa kuwa kikasha hiki kilikuwa kimeshanyweshwa maji mara moja, nilichagua ya asilimia 99.

Kazi yenyewe

Madirisha yalifunguliwa na jiko lilizimwa. Mvuke wa isopropili huwaka hata katika joto la kawaida la chumba, na hauhitaji zaidi ya cheche. Nilivaa barakoa pia, kwa sababu kusaga talki kunatoa vumbi jembamba ambalo mapafu hayalihitaji.

Kitu cha kwanza kilikuwa kukitoa kisahani. Visahani vingi vimebandikwa kwa gundi, na chini ya vikasha vingine huwa kuna tundu dogo la kusukumia kwa pini. Hapa anguko lenyewe lilikuwa limekwisha kulegeza gundi, kikatoka kwa kukibetua taratibu. Kukitoa kuna faida nyingi: spiriti haiingii chini ya kioo na kula rangi yake ya nyuma, haipasui plastiki angavu, na unapobonyeza hubonyezi bawaba. Nilikijaribu kwa sumaku. Haikunata, maana yake ni alumini. Kingekuwa bati la chuma ningelikausha kwa umakini zaidi kwa ajili ya kutu.

Nilitenga pembeni kijisehemu cha unga wa chini kabisa, ule ambao haukuguswa na ngozi ngumu. Huo ndio ulikuwa shahidi wangu: mwishoni ningeulinganisha na poda iliyotengenezwa kujua kama rangi imebadilika.

Halafu ngozi ile. Sehemu iliyong'aa sana niliiondoa kwa utepe wa gundi: bandika, bandua, tupa, mpaka uso ukapauka. Kwa kufanya hivyo nilitupa mafuta ya ngozi, ambayo siyataki, pamoja na sehemu ya viunganishi, ambavyo ninavitaka. Nilikubali hasara hiyo. Mafuta ya ngozi yakisagwa ndani yanatawanyika kwenye poda nzima na kuifanya inate kwenye brashi kwa mabonge. Ila sikuondoa bamba lote. Lililobaki lilikuwa na viunganishi vinavyohitajika chini.

Kusaga ndiko kunakoamua kila kitu, na ndiko watu wanakokimbia. Nilimimina poda yote ndani ya mfuko mdogo mzito wa plastiki, nikautoa hewa, nikaponda kwa mgongo wa kijiko, kisha nikaumiminia kwenye chujio la nyuzi za karibu karibu. Kilichobaki juu ya chujio kikarudi mfukoni. Nikarudia mpaka hakukubaki chenga. Chenga moja iliyobaki itakuwa doa gumu usoni mwa poda. Brashi itapita juu yake kila siku na itazidi kung'aa. Ukiufikicha unga kati ya vidole usihisi punje, umefika.

Binamu alikuwa amesimama pembeni akiangalia. "Dada, mbona sasa umeimaliza kabisa? Si afadhali vile vipande?"

Nilimwonyesha unga kwenye chujio. "Kipande kina deni lake tayari. Kimefungwa na wenzake wa ndani, hakina nafasi ya kumshika wa nje. Huu umeachwa huru wote."

Unga ulirudi ndani ya kisahani, sehemu ya nusu kwanza. Spiriti niliidondosha kwa kidonyezi, tone kwa tone, huku nikigeuza kwa kijiti. Sikuhesabu, na sipendi kutoa hesabu, kwa sababu poda moja hunywa kuliko nyingine. Alama ninayoitafuta ni hii: unga unabadilika rangi kuwa mzito, unashikana unapobonywa kwa kijiko, na kijiko kikiinuliwa hakiachi kidimbwi. Kikionekana kidimbwi, imezidi. Ongeza unga mkavu ulioutunza, au gusisha kona ya tishu inywe.

Nusu ile niliisawazisha, nikaibonyeza kidogo tu, kisha nikaukwaruza uso wake kwa ncha za uma kabla ya kuongeza nusu ya pili. Bila mikwaruzo, tabaka mbili hukaa moja juu ya jingine bila kuungana, na baada ya wiki kadhaa la juu hunyanyuka lote kama kifuniko.

Kwa kushindilia nilitumia kipande cha mbao laini kilichokatwa kikaingia ndani ya kisahani kikibakiza nafasi ndogo pembeni. Sarafu, ambayo ndiyo inayotajwa daima, ni ndogo mno kwa kisahani cha ukubwa huu. Hubonyeza hapa na kuinua pale, na kila alama ya ukingo wake ni ufa unaosubiri. Juu ya poda niliweka kitambaa chembamba cha pamba kisichotoa nyuzi, juu yake tishu zilizokunjwa, kisha mbao.

Mbano wa kwanza uwe mwepesi. Ndani ya unga kuna hewa, na ukiibana ghafla inanaswa chini. Ukiachia, inatafuta njia na kuinua uso wa poda. Nilibonyeza kidogo, nikaachia, nikabonyeza zaidi, nikaachia. Baada ya kila mbano tishu ilikuwa imelowa na kupata rangi, nikaweka nyingine kavu. Hapa ndipo ukaribu unaporudishwa. Kila tishu inayotoka imelowa imeondoka na spiriti ambayo vinginevyo ingelazimika kupanda yenyewe na kubeba mafuta hadi juu. Niliendelea kwa uzito wa mwili wote, mkono ukiwa umenyooka, mpaka tishu ikatoka bila unyevu unaoonekana.

Kisahani kiliwekwa kabatini, mahali penye hewa pasipo jua, kimefunikwa kwa karatasi nyepesi dhidi ya vumbi. Saa 24 ndicho kiwango cha chini ninachokikubali, na kwa kisahani chenye kina kirefu huenda zaidi. Mashine ya kukaushia nywele haina kazi hapa: inarudisha kosa lile lile la jua, na waya wake wa moto karibu na mvuke wa spiriti ni hatari.

Upande wa kumetameta

Hailaita sikuishindilia. Binamu hakupendezwa.

"Nilitaka kikasha kirudi kama kilivyokuwa, dada. Pande zote mbili."

Nilimweleza sababu, na bado naamini ndiyo uamuzi bora zaidi katika kisa chote hiki. Mng'ao wa hailaita hautokani na rangi. Unatoka kwenye vijibamba vya maika vilivyopakwa utando mwembamba sana wa dioksidi ya titani au oksidi ya chuma, na unene wa utando huo ndio unaoamua mwanga unarudi na rangi gani. Vijibamba hivyo mara nyingi vina upana wa kati ya maikromita 10 na 60, na hung'aa kwa sababu ni bapa na vimelala upande mmoja. Kusaga kama nilivyosaga poda ya uso kungevivunja. Angepata kisahani kizima kizuri cha kutazama, na mashavu yaliyopauka.

Basi vipande nilivigawa kwa vidole tu, nikavikung'utia ndani ya kichupa kidogo kisafi chenye kifuniko cha matundu. Sehemu ndogo iliyorushiwa matone ilikuwa imeganda, nikaitupa. Hailaita ya unga hupakwa kwa brashi laini baada ya kuikung'uta, au kwa kidole. Kazi yake usoni ni ile ile.

Na hapa nitasema wazi ninachofikiri: poda nyingi zinazopelekwa kwenye spiriti zilistahili kichupa. Mtu anayepakia nyumbani tu, mbele ya kioo chake, hana sababu ya kushindilia upya. Sababu ya kweli ya kuirudisha ndani ya kikasha ni safari: poda inayobebwa kwenye mkoba na kuguswa usoni mara kadhaa kwa siku. Binamu yangu hufanya hivyo na poda ya uso. Hailaita huipaka asubuhi mara moja na kuiacha nyumbani. Ndiyo maana sahani moja ilifaa taabu ile na nyingine haikufaa.

Poda yenye kinga ya jua ningeichukulia kwa tahadhari nyingine. Kwa rangi inaweza kurudi sawa. Kwa kinga nisingeitegemea tena.

Matokeo

Kisahani kilipokauka rangi ilirudi kuwa nyepesi, karibu sawa na unga niliouweka pembeni. Nilivipaka vyote viwili mkononi, kando kwa kando, na tofauti ilikuwa ndogo: iliyotengenezwa ilikuwa nzito kidogo kwenye mpako wa kwanza. Harufu ya manukato ya awali ilikuwa imefifia, jambo la kutarajiwa, maana nayo hupaa na spiriti. Kiwango kilishuka chini ya ukingo wa kisahani. Sehemu ilikwenda na utepe, sehemu na tishu, sehemu na chujio.

Kwa kuijaribu nilikipindua kisahani juu ya karatasi nyeupe nikakigonga kwa kidole. Vumbi kidogo lilitoka kwenye kona moja, mengine yakashika. Brashi laini haikuchukua vya kutosha, na hilo ni la kawaida, kwani poda iliyoshindiliwa kwa rojo huwa ngumu kuliko ya kiwandani. Nilimpa brashi yenye nywele fupi ngumu zaidi atumie mpaka uso wa juu ulegee. Nilimwonya kuhusu sifongo lenye unyevu: ndilo lililoijaza poda ile mafuta ya ngozi tangu mwanzo. Sasa anatumia brashi kavu, anaiosha kila wiki, na chini ya kifuniko ameweka pedi nyembamba ya pamba izuie poda kutikisika kwenye mkoba.

Alipokuja tena baada ya wiki chache, poda ilikuwa imeshika na anaichukua bila shida. Kona ile moja imeendelea kupukutika. Ndipo mahali ambapo mbao yangu ilibakiza nafasi kubwa kuliko kwingine, kwa hiyo mbano haukufika sawasawa. Aliniuliza kama niidondoshee spiriti kidogo tu hapo.

Nilikataa. Tone lililowekwa kwenye kona peke yake lingesambaa kuelekea poda kavu na kuacha mstari mgumu pale lilipoishia. Kuifanya vizuri kungetaka kusaga kisahani chote upya, na kila tishu inayoondoka inabeba mafuta mengine ambayo poda hii haina ya ziada. Kwa sasa anaukung'uta unga wa kona ile ndani ya kichupa cha pili na kuutumia nyumbani. Ukingo ukiendelea kumomonyoka hadi kufika katikati, poda yote ya uso itahamia humo, na kisahani cha alumini kitaoshwa na kukaushwa kwa ajili ya kingine.